Wachungaji walikuwa zamu: Krismasi ya Zanzibar na kofia nyekundu

Tangu wiki ya mwisho ya Novemba kuna picha inazunguka kwenye simu za watu hapa Unguja. Binti kasimama kwenye ngazi za hoteli moja ya pwani, mkononi kashika sinia la glasi za juisi, kichwani kajifunga mtandio mweusi, na juu ya mtandio kavishwa kofia nyekundu yenye kishada cheupe. Anatabasamu kwa namna ambayo mtu hufundishwa kazini. Picha hiyo imewaudhi watu wa aina mbili. Waislamu wameuliza kwa nini mtoto wa Kiislamu avishwe sikukuu isiyo yake ili mshahara wake usalimike. Wakristo nao wameuliza tangu lini kuzaliwa kwa Bwana kukawa kofia. Jumapili ya kwanza ya Majilio, yale majuma manne ya kuingoja Krismasi, hoja hiyo ya pili ilipanda mimbarini, na tangu hapo nimeisikia kwenye jumuiya na kwenye mazoezi ya kwaya: Krismasi imeibiwa na wafanyabiashara, tuirudishe kwa mwenyewe.

Sina ugomvi na wanaosema hivyo, nami nimewahi kuyasema. Ila nadhani tumekosea kumtambua mwizi, na tumekosea hata kilichoibiwa. Hapa Zanzibar biashara haikuidhuru Krismasi kwa kumfanya Mkristo anunue kupita kiasi. Imeidhuru kwa kumnunua Mkristo mwenyewe, au tuseme kwa kuununua usiku wake wa tarehe 24 na asubuhi yake ya tarehe 25. Katika visiwa hivi Mkristo si mteja wa Krismasi ya biashara, ni mfanyakazi wake. Tusipoliona hilo tutabaki kugombana na miti ya plastiki na yule mzee mwenye ndevu, vitu ambavyo havijamzuia mtu yeyote kwenda kanisani.

Lawama tunayoirudia ni ya kuazima. Ilitungwa na watu wa miji ambayo Wakristo ndio wanunuzi: London, Chicago, na karibu zaidi na sisi Dar es Salaam, ambako Kariakoo ya Desemba huwezi kupita bila kukanyagwa, na nauli za mabasi ya Moshi na Bukoba huwa gumzo la kila mwaka. Huko kumwambia muumini apunguze manunuzi kuna maana, kwa sababu ana la kupunguza. Sasa nenda soko la Darajani, hapa mjini, tarehe 24 Desemba saa kumi jioni. Utakuta wauza samaki, wauza mbatata, foleni ya daladala, na biashara ileile ya juzi. Darajani hufurika siku za mwisho za Ramadhani, nguo za watoto zinapotundikwa hadi barabarani. Hapa mtu akisema "sikukuu" bila kutaja ipi, kila mmoja ameelewa Idi, na mtoto anayedai mkono wa sikukuu anadai mkono wa Idi. Katika sensa ya 2022 tulihesabiwa watu 1,889,773, na Waislamu ni karibu wote. Sisi Wakristo ni wachache sana: wengi ni watu waliokuja kutoka bara kutafuta kazi na watoto wao, na wengine, kama ukoo wangu, tumetokana na watumwa walioachiwa huru ambao Wamisheni wa Kianglikana waliwapa makazi Mbweni katika miaka ya 1870. Krismasi ya nyumbani kwetu ni pilau, soda, nguo mpya kwa watoto ikiwezekana, na sahani mbili tatu zinazofunikwa kawa kupelekwa kwa majirani. Anayetaka kuhubiri dhidi ya anasa hapo itabidi aitafute kwa tochi.

Krismasi ya biashara ipo, lakini iko Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje na Jambiani, mwendo wa saa nzima na zaidi kutoka mjini. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, na majuma mawili yanayozunguka Krismasi na Mwaka Mpya ni katika siku zenye wageni wengi na bei kubwa kuliko zote. Hoteli nyingi humtoza mgeni karamu ya mkesha kwa lazima, apende asipende, na bei yake huandikwa kwa dola. Karamu hiyo haijiandai. Inataka wapishi, wahudumu, wapiga pasi, watu wa bustani, walinzi, dereva wa kumpokea aliyetua saa saba usiku. Ndiyo maana Desemba likizo hufungwa. Ukiomba ofu tarehe 25 unaonekana hujui kazi uliyoijia. Na katika hao waliojaa jikoni na kwenye baa, ambako Waislamu wengi hawapendi kushika chupa za pombe, Wakristo wa kutoka bara ni wengi kuliko idadi yao katika nchi. Kwa hiyo usiku ambao Mzungu asiyeingia kanisani mwaka mzima anakula kwa jina la Krismasi, anayembebea sahani ni mtu ambaye mama yake, Kasulu au Geita, anadhani yuko kanisani.

Mwaka juzi, baada ya ibada ya mkesha katika kanisa kuu la Kianglikana pale Mkunazini, nilibaki ndani kumsubiri mtu. Mishumaa ilikuwa inazimwa. Akaingia kijana mwenye shati jeupe la hoteli, jina lake limebandikwa kifuani kwa kibati cha dhahabu ya bandia, suruali imelowa mvua magotini. Alikwenda moja kwa moja kwenye pango, ule mfano wa zizi alimozaliwa Yesu, akapiga magoti, akakaa pale kwa muda wa kusema Baba Yetu mara mbili hivi. Alipoinuka aligusa ukingo wa hori kwa vidole, akatoka. Nje bodaboda ilikuwa inaunguruma bila kuzimwa. Nikamwambia, "Kheri ya Krismasi, mwanangu, umechelewa." Akanijibu, "Shikamoo mzee. Sijachelewa, nimetoroka." Alitakiwa awe amerudi kabla ya kifungua kinywa.

Kabla sijaendelea, niwajibu wanaosema dawa ni kurudi kwenye Krismasi ya zamani iliyokuwa dini tupu. Sijui ilikuwa lini. Injili hazitaji tarehe, na ushahidi wa wazi wa kuadhimisha Desemba 25 tunaupata katika kalenda ya Rumi ya mwaka 354, Wakristo wakiwa wameishi vizazi vingi bila sikukuu hiyo. Kula na kunywa kukaja nayo. Wapuritani wa Uingereza, Waprotestanti wenye msimamo mkali, walikasirishwa na ulafi wake kiasi kwamba Bunge lao liliifuta mwaka 1647, na wenzao wa Massachusetts wakatunga sheria mwaka 1659 ya kumtoza shilingi tano atakayekutwa akiiadhimisha. Watu waliendelea kula. Yule mzee wa nguo nyekundu naye, ambaye tunaambiwa kila mwaka kwamba alibuniwa na kampuni ya soda, alikuwapo kabla ya matangazo ya Coca-Cola ya 1931; kampuni ilimsambaza tu. Sikukuu hii haijapata kuwa safi. Iliishi na soko tangu mwanzo, na swali la maana ni soko linataka nini kwake katika mahali fulani na wakati fulani.

Kwetu swali hilo lina jibu la zamani, tena limejengwa kwa mawe. Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash, akibanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Miezi sita baadaye, siku ya Krismasi ya mwaka uleule, liliwekwa palepale jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi wake, na baadhi ya waliobeba mawe walikuwa watu waliowahi kuwa mali ya mtu. Mapokeo yanasema altare imekaa mahali palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Watembezaji wa watalii hupenda zaidi kisa cha zile nguzo 12 zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu Steere alipokuwa hayupo, na nguzo kweli zipo, ziangalieni. Lakini mimi hurudi kwenye tarehe. Wangeweza kungoja Pasaka. Wangeweza kuchukua siku yoyote. Walichagua sikukuu inayosema kwamba Mungu amezaliwa mtoto wa watu maskini, wakaiweka juu ya kiwanja ambapo mtu alikaguliwa meno na kutajiwa bei.

Silinganishi hoteli na soko lile. Mfanyakazi wa Kiwengwa anapokea mshahara, anaweza kuacha kazi, na akirudi kwao hakuna anayemfuata kwa mnyororo. Anayeyaweka mambo hayo mawili kwenye mizani moja anawakosea heshima waliouzwa pale, na mimi ni mjukuu wa kitukuu wa mmoja wao. Ninachosema ni kwamba katika kisiwa hiki Krismasi iliingia mjini ikiwa na neno moja la kuliambia soko: kuna kitu ndani ya mtu ambacho hakina bei. Si vibaya kulikumbuka neno hilo pale ambapo kila saa ya mtu, pamoja na ile saa moja ya mkesha, imeshapangiwa bei na haikuachwa hata dakika ya hiari.

Na Biblia yetu ya Kiswahili imelisema jambo hili kwa maneno ambayo huko Ulaya huenda hayawagusi kama yanavyotugusa sisi. Steere ndiye aliyelifanyia kazi Agano Jipya kwa Kiunguja, na tafsiri ya Union tunayoisoma hadi leo, iliyotoka 1952, imejengwa juu ya Kiswahili hichohicho cha hapa. Fungua Luka sura ya pili. Yusufu na Mariamu "hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni". Aya inayofuata inasema wachungaji walikuwa makondeni "na kulinda kundi kwa zamu usiku". Kwa zamu. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni bila kulisikia. Mtu wa kwanza kupewa habari ya Krismasi alikuwa yuko zamu ya usiku, na aliyezaliwa alikosa chumba kwa sababu hoteli imejaa. Mhubiri wa Zanzibar mwenye aya mbili kama hizo mkononi, tena msimu wa wageni, akaamua kuhubiri juu ya kofia, nashindwa kumwelewa.

Wenye hoteli wana hoja, na ni hoja nzito kuliko inavyokubalika kanisani. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee, na huku pwani methali hiyo imekuwa sera ya uchumi. Mapato ya Desemba hubeba hoteli katika mvua za masika, zile wiki za Aprili na Mei ambapo nyingine hufunga milango na wafanyakazi wakaambiwa warudi kwao bila malipo. Tipu za juma la Krismasi ndizo ada za skuli za Januari. Wapo Wakristo, nawafahamu, wanaoiomba zamu ya tarehe 24 kwa sababu ndiyo yenye tipu, na wakipewa ofu watanung'unika. Meneja mmoja aliniambia kwa ukali kidogo kwamba wauguzi wa hospitali na mabaharia wa boti nao hufanya kazi Krismasi na hakuna anayewalilia. Ni kweli. Kazi nyingine haziwezi kusimama. Tofauti ninayoiona ni kwamba muuguzi hanyimwi Krismasi kwa sababu ya Krismasi. Mgonjwa yuko vilevile tarehe 24 Desemba kama alivyokuwa tarehe 24 Juni, na zamu za wauguzi hugawanywa kwa kupokezana, mwaka huu wewe, mwaka ujao mwenzako. Hoteli huwataka watu wote kwa pamoja, mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya sikukuu yao wenyewe. Na hoja ya tipu inathibitisha tu kwamba mshahara hautoshi. Haithibitishi kwamba mtu hataki kusali.

Hoja ya ndugu zetu Waislamu kuhusu yule binti nayo naichukua kama ilivyo. Kofia ile haikuwa ya dini yoyote, na ndilo tatizo lake: aliyevalishwa kaaibishwa katika dini yake kwa ajili ya alama ambayo hata kwetu haina maana. Kuna hoteli ambazo humwachia mfanyakazi achague, na sijasikia mgeni aliyedai kurudishiwa fedha zake kwa kuwa mhudumu hana kofia. Lakini ningependa tuzungumze zaidi ya hapo, maana maradhi tunayolalamikia wanayajua vizuri kuliko sisi. Nani mjini hapa hajasikia hotuba za misikitini juu ya Ramadhani iliyogeuka mwezi wa mapishi, bei za ndizi na mihogo zinavyopanda Shaaban ikiisha, na watu wanavyolikimbia kumi la mwisho la ibada ili wawahi mitandio ya Darajani? Tofauti ni kwamba Uislamu umeweka kizuizi kwenye mlango wa sikukuu yenyewe. Zaka ya fitri hutolewa kabla ya Sala ya Idi, ili maskini asiingie sikukuu akiwa anaomba. Ukichelewesha baada ya sala, imekuwa sadaka ya kawaida tu. Ni wazo la werevu mkubwa: halikukataza pilau wala nguo mpya, limeuliza tu kama aliye chini kabisa ameshapata chake kabla wengine hawajaanza. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo kwa Krismasi, na tungefanya vyema kuitafuta yetu kuliko kuhesabu miti ya plastiki.

Inabaki hoja ninayoisikia mara nyingi kuliko zote, na kwa kweli ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa huvaa kanzu ya utakatifu. Inasema hivi: Krismasi ni ya moyoni. Ukiwa jikoni mwa hoteli Matemwe na Kristo yuko moyoni mwako, umeadhimisha. Usijali ibada, usijali zamu. Wanaosema hivyo kwa kawaida wameketi kwenye viti vya mbele tarehe 25, mikono mikavu, na pilau iko jikoni inangoja. Hoja hii inawafaa watu wote isipokuwa yule anayeambiwa. Inamfaa meneja kwa sababu haimwongezei gharama, inamfaa padri kwa sababu haimwondoi mjini, na inamfaa mhubiri kwa sababu anabaki na maadui wepesi. Ubaya wake mkubwa hata hivyo ni wa kiimani. Sikukuu nyingine ungeweza kuzihamishia moyoni, lakini si hii. Krismasi inahusu neno lililokataa kubaki neno. "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu," ndivyo anavyoandika Yohana. Ina mtoto aliyefungwa nguo, ina harufu ya zizi, ina watu walioacha mifugo wakaenda kwa haraka kwa miguu yao kuona kwa macho yao. Malaika aliwafuata kazini, hilo ni kweli, ila hawakubaki huko wakasema tumeshamwona moyoni.

Niwe mkweli: hoja hii ina toleo lenye heshima, na limo humuhumu visiwani. Mwaka 1897, mwaka ambao Sultani Hamoud alitoa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria, Wakwekari wa Uingereza, watu wanaojiita Marafiki, walifungua misheni yao Pemba, na Banani karibu na Chake Chake ndipo walipopanda mizizi. Kwa mapokeo yao hawakuwa na Krismasi wala Pasaka, wakisema siku zote ni za Mungu, hakuna moja iliyo takatifu kuliko nyingine. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini tazama walichofanya na imani hiyo: walikwenda Pemba wakanunua shamba, wakawapa waliotoka utumwani kazi ya ujira, na wakawa na siku yao ya kukusanyika kila wiki, kimya, wote pamoja. Kusema siku zote ni sawa kwao kulimaanisha kila siku mtu apewe haki yake. Haikumaanisha kwamba hata ile moja achukuliwe.

Kwa nini basi tunahubiri juu ya kofia? Kwa sehemu ni uvivu. Kwa sehemu ni hofu, na sitaificha. Siku ya Krismasi ya 2012 padri mmoja wa Kikatoliki alipigwa risasi hapa Unguja akajeruhiwa, na Februari 2013 Padri Evarist Mushi akauawa kwa risasi mbele ya kanisa. Majirani Waislamu walilia nasi, na baadaye mambo yakatulia, ila jamii ndogo iliyopitia hayo hujifunza kutoomba. Tukipewa likizo ya kitaifa tunashukuru, na tukiambiwa kazini haipo tunanyamaza, tunaogopa tusionekane tunadai kisiwa. Lakini kumwomba mwajiri apange zamu vizuri si kudai kisiwa. Mambo ya kazi si ya Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, na mfanyakazi wa dini yoyote ana mahali pa kuanzia.

Na kabla ya kwenda kwa wenye hoteli, tujitazame. Ibada zetu kubwa ziko mjini, usiku wa tarehe 24 karamu zinapoanza, na asubuhi ya tarehe 25 kifungua kinywa kinapohudumiwa. Usiku hakuna daladala ya kutoka Nungwi. Ukitaka kupanga ratiba ya kumkosa mfanyakazi wa hoteli kwa makusudi, usingepata bora kuliko hiyo. Ilhali kila anayefanya kazi huko anajua kuna pengo: kati ya saa nane na saa kumi mchana, meza za chakula cha mchana zimeshafutwa na za jioni hazijatandikwa, watu hulala mabwenini au hukaa chini ya mkungu kupiga soga. Ibada ya nusu saa wakati huo, kwenye chumba cha chakula cha wafanyakazi, kwa idhini ya hoteli, haihitaji jengo wala kipaza sauti wala kumshtua mwanakijiji yeyote. Inahitaji padri na mchungaji watakaokubali kula pilau yao saa mbili usiku. Tena kalenda yetu inatusaidia kuliko tunavyoitumia. Krismasi ya hoteli inaisha tarehe 25 usiku, tarehe 26 kofia zinarudi stoo na mapambo yanageuzwa ya Mwaka Mpya. Ya kanisa ndiyo kwanza inaanza, na inaendelea hadi Epifania, Januari 6. Nani alisema jumuiya ya Paje haiwezi kula Krismasi yake Januari 5, na mahubiri yakawa ya Krismasi, na pango likabaki mahali pake?

Kuna jambo jingine ambalo tayari linafanyika, na halijaandikwa popote. Ukiwauliza watu wa jikoni watakwambia: Idi ikifika, Mkristo humshikia Mwislamu zamu aende kusali na kuwaona wazee, Krismasi ikifika, Mwislamu humrudishia. Huitana kaka, dada, hupigiana simu, humaliza. Luka hasemi wale kondoo walibaki na nani wachungaji walipokwenda Bethlehemu, lakini mimi kila nikisoma huwafikiria Waislamu ninaowajua ambao wamebaki na kundi letu. Udhaifu wa mpango huu ni kwamba unategemea hisani na supavaiza mwenye moyo. Akibadilishwa supavaiza, umekufa. Unastahili kuandikwa kwenye rota kama vinavyoandikwa vitu vingine, na viongozi wa dini zote mbili waende pamoja kwa wenye hoteli kuuomba.

Na wasichelewe, kwa sababu mpango huu wa hisani unafanya kazi leo kwa bahati ya kalenda tu: Idi na Krismasi zimeachana miezi kadhaa. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mara ya mwisho ilipokutana na Krismasi ilikuwa 1998 hadi 2000, utalii ukiwa mdogo mno ukilinganisha na sasa. Kwa hesabu za kalenda, mwezi ukiandama inavyotarajiwa, Krismasi za 2031 na 2032 zitaangukia ndani ya Ramadhani, na 2033 Idi itakuja siku mbili hivi kabla ya Krismasi. Chukua tarehe 24 Desemba 2031. Jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu. Saa hiyo mpishi aliyefunga anataka tende na maji na nafasi ya Magharibi, kisha tarawehe. Mhudumu Mkristo anataka gari ya saa mbili imfikishe mjini kwenye mkesha. Na wageni waliolipa karamu kwa dola wanaanza kukaa mezani. Siku hiyo hakuna wa kumshikia mwenzake zamu, kwa kuwa wote wawili wanaitwa. Kuna meneja atakayeipanga rota hiyo, na rota za Desemba hupangwa Novemba.